Maswali ya Wasomaji: Ua Kubwa Ndani ya Nyumba

Barua nyingi za safari hii zinaeleza kisa kilekile. Mtu ananunua ua linalomfikia kifuani, analitengea kona nzuri ya salo (sebule), na baada ya miezi mitatu amebaki na kijiti na majani mawili. Tumechagua barua saba, kutoka Goma, Bukavu na Lubumbashi. Karibu zote jibu lake liko dirishani au kwenye kitako cha chungu.

Jambo wahariri. Salo yangu ina mita tano kwa nne, na dirisha moja kubwa la upande wa mashariki. Muuzaji wa kando ya barabara ana monstera (lile la majani makubwa yenye matundu), mti wa mpira, mwingine wenye majani kama gitaa, na areka (ya jamii ya mitende). Nataka moja tu, lakini kubwa. Nichukue lipi? (Mama wa Himbi, Goma)

Mama, muuzaji ataanza na ua. Wewe anza na dirisha. Kama saa tano asubuhi, jua likiwa halipigi pale moja kwa moja, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka ua likae, kisha nyosha kiganja sentimita 30 juu yake. Ukiona kivuli chenye vidole vinavyohesabika, mwanga unatosha kwa yote manne. Ukiona doa lenye kingo zilizofifia, monstera litavumilia, areka itadhoofika, na ule wa majani ya gitaa utaanza kupukutika. Usipoona kivuli kabisa, hapo weka kiti. Jicho la mtu hudanganya: mboni hufunguka, nawe ukadhani kona ina nuru, ilhali mita tatu kutoka dirishani mmea unapata sehemu ndogo tu ya mwanga ulio karibu na kioo.

Kwa dirisha lako, chukua monstera na uliweke mita moja hadi moja na nusu kutoka kiooni. Jua la asubuhi ni pole, halitaliunguza. Lipimie nafasi kabla, maana likikomaa linatanuka mita moja na nusu kwa upana, na ukilibana ukutani litageukia mlango. Kwao ni misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama, ambako huanza chini kwenye kivuli na kupanda juu ya miti mikubwa. Ndiyo maana linataka nguzo ya kushikilia, na ndiyo maana majani yake ya utotoni hayana matundu. Ukiambiwa lenye majani mazima ni "aina nyingine", mara nyingi ni changa tu au lililelewa gizani.

Ule wa majani ya gitaa, fikus lirata, unatoka misitu ya Afrika Magharibi na Kamerun. Ungedhani ungekuwa mpole kwetu, lakini ndio mgumu kuliko wote wanne: ukiusogeza mita mbili tu unaweza kupukutisha majani kwa wiki kadhaa. Mti wa mpira, fikus elastika, unatoka Asia na ni mvumilivu. Kama huna muda wa kutunza, chukua huo. (Mpira uliowatesa babu zetu wakati wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hautoki humo. Ule ulikamuliwa katika mitambaa ya porini iitwayo Landolfia.)

Kwa muuzaji usinunue urefu. Shika shina chini kabisa ulitikise taratibu. Likicheza kama jino bovu, limechimbwa juzi, au ni tawi lililochomekwa tu udongoni. Pindua kiriba, ule mfuko wa plastiki lilimopandwa: mizizi miwili mitatu myeupe ikichungulia ni dalili njema, lakini mizizi iliyojizungusha kama kata ya kubebea ndoo ina maana ua limechoka kukaa humo. Geuza majani ya chini na uchungulie maungio ya vikonyo, maana vitu vyeupe kama pamba ni vidung'ata, na ukivileta nyumbani umevileta kwa maua yako yote. Mwisho tafuta jani jipya linalofunguka. Ua lenye majani manane na chipukizi moja linashinda lenye majani kumi na tano yaliyosimama bila kukua.

Usilibebe kwa pikipiki. Upepo wa dakika kumi unachana majani, na jani lililochanika haliungi tena. Yafunge yaelekee juu kwa kitambaa, funika kwa gunia, tumia teksi au chukudu (ile baiskeli ya mbao ya mizigo). Likifika, liache katika kiriba chake wiki mbili kabla ya kulihamisha. Na kama nyumba ni ya mbao, kumbuka kwamba chungu cha lita 30 kikilowa kina kilo 30 hadi 40. Kiweke juu ya boriti, si katikati ya ubao.

Kila asubuhi nalimwagilia ua langu glasi moja ya maji. Majani ya chini yanageuka manjano, na udongo unanuka kama mtaro. Nilitia kokoto chini ya chungu ili maji yashuke. Kosa liko wapi? (Baba wa Kadutu, Bukavu)

Baba, harufu hiyo ni mizizi inayooza. Mizizi hupumua. Udongo ukikaa umejaa maji bila kupumzika, hewa inakwisha, mizizi inakufa, kisha kuvu inamalizia. Majani yanalegea kama yenye kiu, mwenyewe unaongeza maji.

Kokoto za chini hazisaidii, ingawa karibu kila mtu anazitia. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe mpaka udongo wenyewe ushibe kabisa. Lowesha sifongo, iweke juu ya kokoto, utaona inabaki imelowa. Kwa hiyo ulichofanya ni kuusogeza ule utope juu, karibu na mizizi. Kinachotoa maji ni mchanganyiko wenyewe, pamoja na matundu. Toboa matano, kila moja la sentimita moja.

Udongo mwekundu wa Bukavu ni mfinyanzi. Shambani unafaa, ndani ya chungu unashikana kama tofali. Changanya hivi: sehemu mbili za udongo wa juu uliochekechwa, sehemu moja ya samadi iliyooza miezi sita au zaidi, na sehemu mbili za changarawe ya volkano ya milimita 3 hadi 10, iliyooshwa vumbi. Watu wa Goma wanaikanyaga kila siku. Kwenu mwombe msafiri akuletee gunia. Ukiikosa, tumia makaa yaliyopondwa vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, au maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu. Pumba za mbao mbichi ziache: vijidudu vinavyoziozesha vinakula naitrojeni yote, na ua linabaki la manjano.

Sasa kuokoa. Toa ua, kung'uta udongo, kata kila mzizi mweusi au unaoteleza mkononi mpaka ufike penye ugumu na weupe. Futa wembe kwa spiriti kila unapohamia mzizi mwingine. Ikiwa umepoteza nusu ya mizizi, punguza na theluthi ya majani. Chungu kipya kizidi bonge la mizizi kwa sentimita 4 au 5 tu. Wengi hukosea hapa: wanaliweka ua gonjwa katika chungu kikubwa "lipate nafasi", na udongo usio na mizizi unakaa na maji wiki mbili.

Baada ya hapo sahau glasi ya asubuhi. Chomeka kijiti cha brosheti (mishkaki) sentimita 10 udongoni, ngoja dakika kumi, kitoe. Kikitoka na tope au kimelowa, rudi baada ya siku tatu. Kikitoka kikavu chenye vumbi kidogo, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini. Kwa chungu cha upana wa sentimita 30 ni lita mbili hadi tatu. Baada ya nusu saa mwaga maji ya sahani. Katika salo ya Bukavu hiyo hutokea kila siku saba hadi kumi wakati wa mvua, na mapema zaidi kidogo Julai na Agosti kama dirisha linapata jua.

Monstera langu linatoa majani mapya ya manjano yenye mishipa ya kijani. Juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Nalitia mbolea lakini halibadiliki. (Msomaji wa Katindo, Goma)

Tazama bidoni (jerikeni) lako kabla ya mbolea. Kama maji yako yametoka ziwani, kwa bomba au kwa gari la maji, unamwagilia maji ya magadi. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha uchachu na magadi; 7 ndiyo katikati) karibu na 9, na katika kila lita mna gramu moja na zaidi kidogo ya chumvi zilizoyeyuka, nyingi zikiwa za bikaboneti. Mtu anaoga, anafua, hana shida. Katika chungu ni tofauti: maji yanapaa hewani, chumvi zinabaki, na wiki baada ya wiki pH ya udongo inapanda. Madini ya chuma yamo udongoni, lakini kwa pH hiyo mizizi haiwezi kuyachukua. Jani changa ndilo linaloonyesha, kwa kuwa mmea hauwezi kuhamisha chuma kutoka kwa jani kuukuu. Kama manjano yangeanza chini, tungesema naitrojeni, au mizizi kama ya yule baba wa Kadutu.

Mbolea inaongeza chumvi juu ya chumvi, kwa hiyo isimamishe. Kwangua ukoko na sentimita mbili za udongo wa juu, utupe. Peleka chungu nje, upitishe maji ya mvua mara tatu ya ujazo wa chungu: cha lita 15, lita 45, kidogo kidogo ndani ya saa moja. Kisha mwagilia maji ya mvua tu. Hayana uhaba mjini kwetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, na mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 30 inaleta lita 300. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite dakika kumi na tano, maana inaosha vumbi na majivu ya paa. Ukipata dawa ya chuma ya aina ya kileti (chuma kilichotengenezwa ili mizizi iweze kukichukua) katika duka la wakulima, fuata kipimo cha pakiti. Majani mapya yatatoka kijani, lakini yale ya zamani hayatabadilika sana.

Wapo wanaokamua ndimu ndani ya bidoni. pH inashuka siku hiyo, lakini vijidudu vya udongo vinaila asidi ile na magadi yanarudi.

Neno moja kwa walio upande wa magharibi, kuelekea Sake. Mvua inayopita chini ya moshi wa volkano ya Nyiragongo hubeba asidi na floraidi. Monstera na mti wa mpira si wepesi wa kuidhihirisha. Msale na ndugu zake wa jamii ya drasena ndio wa kwanza: ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia. Zikate kwa mkasi kufuata umbo la jani, ukiacha uzi mwembamba wa sehemu kavu. Mmea haufi kwa hilo.

Tangu Juni areka yangu inakauka kingo, na chini ya majani kuna vumbi na utandu kama wa buibui. Nimesoma kwenye simu kwamba iwekwe dirisha la kusini, nimeiweka. (Dada wa Kampemba, Lubumbashi)

Dada, maandishi hayo ni ya Ulaya. Huko jua linapita kusini. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, na kuanzia karibu tarehe 20 Februari hadi karibu tarehe 23 Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini kwenu. Dirisha lako la kusini linakosa jua hasa katika miezi ya baridi. Isogeze kaskazini, mita moja kutoka kiooni, yenye pazia jepesi. (Wasomaji wa Goma na Bukavu, kwenu jua linapita kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, hesabu za kila siku kwenu ni mashariki na magharibi, na magharibi ndiko kunakounguza.)

Utandu ni wa utitiri. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vikianguka vinukta vinavyotembea, ndio wenyewe. Wanapenda hewa kavu yenye vumbi, na Lubumbashi kati ya Mei na Septemba ni hivyo hasa. Peleka areka bafuni au uani, ioshe chini ya majani kwa maji yenye nguvu. Jioni nyunyiza lita moja ya maji iliyochanganywa na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na manukato. Isiwe sabuni ya unga ya kufulia, inachoma majani. Baada ya saa mbili suuza. Rudia kila siku tano, mara tatu. Mara moja haitoshi, kwa sababu sabuni haiui mayai.

Baridi nayo ipo. Usiku wa Juni na Julai kwenu unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na areka, ambayo kwao ni Madagaska, haipendi chini ya 12. Ikifika jioni isogeze mbali na kioo. Maji yapungue lakini yasikatike, na yasiwe ya baridi kali: acha bidoni ndani tangu asubuhi. Kunyunyizia majani ukungu wa maji kunaburudisha dakika kumi tu. Afadhali kukusanya maua matatu manne pamoja.

Ukibadilisha udongo, usiujaze wa kichuguu peke yake, kwani ni mfinyanzi mzito. Na usichimbe karibu na mabaki ya madini. Udongo wenye shaba nyingi unazuia mizizi kukua.

Mti wangu wa mpira umegusa dari. Nikiukata kichwa utakufa? (Mwalimu wa Nguba, Bukavu)

Haufi, Mwalimu, na kichwa chenyewe kinaweza kuwa mti wa pili. Usikikate kwanza. Fanya markotaji, yaani kuotesha mizizi kwenye shina kabla ya kulikata, nayo kwa mti wa mpira hufaulu mara nyingi kuliko kuchomeka tawi.

Chagua sehemu ya shina yenye unene wa kidole, sentimita 40 hadi 60 chini ya ncha. Ondoa majani mawili matatu ya hapo. Kwa wembe safi zungusha mikato miwili iliyoachana sentimita 2 hadi 3, chini kidogo ya kifundo, ukavue gamba lote la katikati mpaka uone mti mweupe. Kwangua ule ute wa kijani; ukiuacha, gamba litajiunga tena na mizizi haitatoka. Utomvu utatiririka, ufute kwa kitambaa kilicholowa, na uvae glavu kwa kuwa unawasha ngozi na kuchafua nguo daima. Funga jeraha kwa kuvumwani iliyolowa na kukamuliwa, donge la ukubwa wa chungwa kubwa. Kuta za mawe za Bukavu zinayo ya kutosha. Usiende kuichuma mbugani Kahuzi-Biega. Zungushia plastiki inayoonyesha ndani, kaza juu na chini, kisha funika kwa kitambaa cheusi.

Fungua kitambaa kila wiki mbili uangalie. Mizizi myeupe huonekana baada ya wiki sita hadi kumi. Ikijaa na kuanza kuwa kahawia, kata chini ya donge, toa plastiki, panda pamoja na kuvumwani yake katika chungu cha sentimita 20. Kisiki kilichobaki kitachipua matawi mawili au matatu, na mti utanenepa badala ya kurefuka.

Usijaribu kuuhamishia nje karibu na ukuta. Mizizi yake inafika kwenye msingi na kwenye sitena (tangi la maji) kabla ya wewe kugundua.

Shangazi anakataza maua chumbani, anasema usiku yanatumaliza hewa. Jirani anasema yanasafisha hewa, hata mazuku. Nani mkweli? (Kijana wa Keshero, Goma)

Wote wamepotea, lakini jirani ndiye wa hatari. Usiku mmea unapumua kama sisi, ila kidogo mno: mtu anayelala kando yako anatumia hewa nyingi kuliko maua yote ya salo. Habari za kusafisha hewa zilitokana na majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya 1989, yaliyofanywa katika visanduku vidogo vilivyofungwa. Katika nyumba yenye madirisha, hewa inayoingia na kutoka inafanya kazi kubwa kuliko majani.

Mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayotuama mabondeni na mashimoni hasa usiku na alfajiri penye utulivu. Hakuna ua litakaloimaliza. Mahali panapojulikana kuwa na mazuku mtu halali chini, haingii shimoni asubuhi, na mtoto hatumwi huko. Moshi wa imbaula (jiko la makaa) chumbani pia hauondolewi na ua. Toa imbaula nje.

Haraka tafadhali: mtoto wa mwaka mmoja na nusu ametafuna jani la difenbakia. (Mama wa Majengo, Goma)

Tulimjibu mama huyu siku hiyohiyo. Tunaliweka hapa kwa wengine. Difenbakia, monstera na filodendroni zina fuwele za oksalati ya kalsiamu, ncha kali kama sindano, zinazochoma mdomo na ulimi. Toa mabaki mdomoni kwa kitambaa kilicholowa, suuza, mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo. Usimtapishe. Osha mikono yake asije akajisugua macho. Akianza kuvimba ulimi au koo, akitokwa mate bila kuweza kumeza, au sauti ikikauka, nenda hospitali mara moja, ukibeba kipande cha jani ili daktari alitambue.

Difenbakia yenyewe ihamishie juu ya kabati, zaidi ya mita moja na nusu, au mpe jirani asiye na watoto. Areka haina sumu hiyo, na ndiyo tunayoishauri kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa.